Fundo la Nje

Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua maumivu, na kwamba yule kuku mweusi bado anatagia kwenye kapu lako la vitambaa kama aliyelipia kodi. Sisi huku wazima. Mjukuu wako anakimbia sasa. Jina la Kijino limemganda ingawa meno yamejaa mdomo, na kila anachokiona anauliza, "Nani huyu?" Kiti, nani huyu. Ndoo, nani huyu. Mpaka nachoka kumjibu.

Ningepiga simu kwa jirani yako, lakini najua ukishakata simu yeye ndiye anayekueleza ulichosema. Kwa hiyo naandika. Mwandiko unisamehe, naandikia juu ya meza ya kupigia pasi.

Kazi nimepata. Nafua nguo katika nyumba moja ya msaada, nyuma ya ghala la zamani la magunia. Walioianzisha ni watu wa mtaa tu. Asubuhi kuna uji na mkate, kuna bafu mbili zenye maji ya moto, kuna ukumbi wa kulala kwa wasio na pa kulala. Mkuu wetu anakwenda mwenyewe kubishana na wenye nyumba ili wapangaji waliokwama wasitupiwe vyombo nje. Tunamwita Mama Funguo. Ufunguo wa kila mlango uko shingoni mwake, akitembea utadhani mbuzi mwenye kengele. Amesema hivyo mwenyewe, si mimi.

Chumba cha kufulia tuko wawili, mimi na Bwana Pasi. Alilala nje miaka mingi kabla ya kupata kazi hapa. Sasa ananyoosha shati mpaka unaona haya kulivaa.

Kinachonishangaza ni dirisha. Kuna dirisha la mbao ukutani, linafungukia uchochoroni. Asiyetaka kuingia ndani, anayeona aibu, analeta mfuko wake wa nguo alfajiri. Nje tumepigilia kengele ya baiskeli. Ikilia, sisi tulio ndani tunageuka, tunatazama ukuta, mpaka tusikie dirisha limefungwa. Jioni anafuata nguo zake, kengele inalia, tunageuka tena. Jina hatuulizi. Kila mfuko una alama ya mwenyewe, kitambaa chekundu, kamba, utepe. Mama Funguo aliniambia siku ya kwanza, "Utajifunza kufua kwa siku moja. Kugeuka kutakuchukua muda." Nikadhani ni utani.

Nimalizie kwa jambo dogo la kukuchekesha. Kuna koti la kijivu, kuukuu, linakuja kila wiki kwenye mfuko uliofungwa kwa kamba ya uzi mweusi iliyosukwa kwa mkono. Kila likija lina kiraka kipya, na fundo la uzi limeachwa nje. Nikakukumbuka.

Jikoni kwako nisalimie moto.

Wako, Mama Kijino


Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mguu ni ule ule, asubuhi unanitii, jioni natii mimi. Kuku mweusi ametutoka. Usiulize ilikuwaje, ila alikuwa mtamu. Paa la upande wa jiko linavuja tena na fundi aliyeliziba mwaka jana ananisalimia kwa mbali, anajua.

Nimefurahi umepata kazi. Kufua nguo za watu si aibu, aibu ni kuzivaa chafu. Huyo Mama Funguo nampenda kabla sijamwona. Bwana Pasi jihadhari naye, mwanaume anayejua kunyoosha nguo anajua na mengine.

Umenijazia kurasa mbili na baba Kijino hayumo hata kwa mkwaruzo wa kalamu. Amesafiri? Nauliza tu. Mzazi haulizi ili ajibiwe, anauliza ili ujue kwamba anajua.

Hilo koti lisikusumbue. Mafundi wako wengi duniani, na wavivu ni wengi kuliko mafundi. Mvivu huacha fundo popote. Wewe fua, anika, rudisha.

Kwa baba yako nimefagia Jumamosi. Pako safi. Usiwe na wasiwasi wowote.

Mpige busu mjukuu, umwambie huyu ni nani.

Ni mimi shangazi yako


Tarehe 17 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole kwa kuku, pole kwa paa. Kijino alishikwa na kikohozi, sasa nafuu. Usiku hakulala na mimi sikulala, asubuhi nikafua mashuka huku nimefumba macho. Baba Kijino yuko safarini. Ndiyo, kama ulivyosema.

Shangazi, umeandika kuhusu kaburi la baba na mimi sikukuuliza.

Nimelitazama lile koti tena. Si uvivu. Wewe mwenyewe ulinikalisha chini nikiwa mtoto, ukanipa kitambaa kibovu, ukasema mafundi wa nje huficha fundo ndani ili nguo ipendeze, lakini babu aliwafunza nyinyi wawili, wewe na baba, muache nje. Fundo la ndani humkwaruza mvaaji. Uzuri ni wa mtazamaji, raha ni ya mvaaji. Hivyo ndivyo ulivyosema, na ukinikuta nimeficha fundo ulinifumua kazi yote. Tangu hapo nimetazama nguo za watu wengi, na sasa nafua za mtaa mzima. Sijaona fundo la namna ile popote. Uzi umezungushwa mara mbili, mkia umekatwa ukubwa wa punje ya mchele.

Na mishono inalala kushoto.

Yako inalala kulia. Yangu pia, kwa sababu mkono wako ndio ulionifundisha. Baba alishonea kushoto. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nalijua, kwa sababu ya pazia la buluu. Mbuzi wa jirani alilipasua na likakaa limepasuka muda mrefu. Halafu asubuhi moja nikaamka limeshonwa. Ulisema umeshona wewe. Nililala chini ya pazia hilo mpaka nimekua. Kila jioni nilifuata mishono kwa kidole mpaka usingizi unichukue. Ililala kushoto, Shangazi. Na baba alikuwa amezikwa tayari, nilishaanza kufagia kaburi lake.

Sisemi kitu. Nauliza tu, kama ulivyouliza wewe. Ulimwona uso kabla ya kumzika?

Nisamehe kama nimekuudhi. Nijibu upesi.

Mama Kijino


Tarehe 20 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini kimya chako ni cha barua kupotea na si cha mguu. Kila anayeleta barua akipita naona anatupita makusudi. Kijino ameanza kuimba, wimbo wenyewe una neno moja.

Mvua zimeanza na ukumbi umejaa. Wiki iliyopita Mama Funguo alisimama mlangoni akabishana na watu wa mtaa wanaosema foleni ya uji inawashushia hadhi. Akawaambia, "Foleni hii fupi. Ile ya wanaoogopa kuingia humu ndiyo ndefu, ila hamuioni." Wakaondoka wakinung'unika.

Koti lilikuja limepasuka chini ya kwapa, mpasuko mrefu, na safari hii halikushonwa. Labda uzi ulimwishia. Labda mikono ilikufa ganzi kwa baridi. Nililifua, nikalianika, nikalitazama. Sikuweza kulirudisha vile. Nikachukua sindano nikalishona, kwa uzi mweusi, fundo nje.

Bwana Pasi alisimamisha pasi yake. Akasema, "Dada, sisi hapa tunafua, hatushoni."

"Ni tundu tu," nikasema.

"Mtu akikufulia, amekuonea huruma. Akikushonea hujamwomba, amekufunua kifua."

Nikacheka, nikamwambia aache falsafa apige pasi. Akapiga pasi.

Jioni kengele ililia. Niligeuka. Mfuko ulichukuliwa. Kisha, Shangazi, dirisha halikufungwa mara moja kama kawaida. Lilibaki wazi. Upepo uliingia ukanipiga mgongoni, nikasimama natazama ukuta, nikajua kuna mtu nyuma yangu ananitazama au anatazama mkono wa koti. Halafu likafungwa taratibu sana, kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Tafadhali andika.

Mama Kijino


Tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya Machi imenifikia jana. Ilikaa kwa jirani, alisahau, au alikuwa bado anaisoma.

Sikiliza. Usiliguse hilo koti. Lifue, ulirudishe. Usitie sindano kabisa. Usikae dirishani, usimwulize mtu, usigeuze uso. Ukinipenda nisikilize kwa hili moja tu, mengine yote uliyonikatalia nimekusamehe.

Shangazi yako


Tarehe 19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili imefika. Haina salamu, haina kuku, haina mguu. Nimeigeuza nyuma nikitafuta.

Imechelewa. Barua yangu nyingine nadhani ilipishana nayo njiani, kwa hiyo sasa unajua. Nilishona. Na tangu jioni ile mfuko wa kamba nyeusi haujarudi.

Nikueleze kwa nini hapa tunageuka, ili ujue ninachoogopa. Kabla sijaja, dirisha lilikuwa la kawaida, wanatazamana. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa mwalimu. Alipoteza kazi, akapoteza chumba, akawa analeta nguo zake hapa, msafi kabisa, huwezi kumdhania. Siku moja aliyempokelea mfuko alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akafurahi, akamwita, "Mwalimu." Yule mama aliacha mfuko pale pale. Hakurudi kufua, wala kula, wala kulala ukumbini. Walimkuta wiki za baridi kwenye ngazi za ghala, hapumui. Mama Funguo hutoa habari hii mara moja tu kwa kila mfanyakazi, kisha haisemi tena.

Kila asubuhi kabla ya kazi tunatoka, mimi na Mama Funguo, yeye na birika la uji, mimi na Kijino mgongoni. Tunapita chini ya daraja, kwenye vibaraza vya maduka kabla hayajafunguliwa, kwenye mabomba makubwa ambayo hayajazikwa. Hatuiti jina. Tungeita jina gani? Tunaweka uji, tunaondoka. Nimeona makoti mengi ya kijivu. Kwa kila moja moyo wangu unakwenda mbele yangu, halafu linageuka na kuwa la mtu mwingine.

Sasa nakuambia langu, ili usiseme mimi ndiye ninayedai tu. Baba Kijino hayuko safarini. Aliondoka mtoto akiwa hajaanza kukaa. Kodi ilinishinda, mwenye nyumba akaweka kufuli yake juu ya yangu. Mimi na Kijino tulilala kwenye ukumbi huu huu ninaofua mashuka yake. Kitanda cha pili kutoka mlangoni. Mama Funguo ndiye aliyenipa kazi, akaenda na mimi kutafuta chumba, akasimama mbele ya mwenye nyumba mpya akasema, "Huyu ni wa kwangu." Sikukuandikia kwa sababu ungeuza cherehani ukaja, na nisingeweza kukutazama. Najua anachokiogopa mtu wa dirishani. Nimekiogopa mimi, dhidi yako wewe unayenipenda kuliko wote.

Basi mimi nimesema. Nilifagia kaburi lile nikiwa mtoto, nikapanda maua ya kopo, nikamweleza baba mambo ya shule. Nijibu swali moja, mengine yaache. Nilikuwa nafagia nini?

Mama Kijino


Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sehemu ya ukumbini niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Chumba chako bado ni chako. Magunia niliyokuwa nimeyaweka humo nimeyatoa, nimepiga deki. Hilo tuliache hapo, nisije nikalowesha karatasi.

Umeuliza ulikuwa unafagia nini. Suruali moja, na futi yake ya kupimia nguo. Hakuna mtu mle.

Sasa usinikatize kama ulivyozoea. Mama yako alipofariki, baba yako aliacha kusema. Alishona tu. Alishona magauni ya mama yako, moja, jingine, jingine, kwa kipimo cha mtu ambaye hayupo. Nilikuwa nayakunja na kuyaweka, ningefanya nini? Siku moja aliinuka kwenye cherehani, sindano imeshuka kwenye kitambaa, akatoka. Hakuchukua kitu. Tulitafuta kila palipotafutika. Misimu ikapita. Na wewe ulikaa mlangoni. Ukipewa chakula unasema, baba kwanza. Ukabaki macho na mbavu. Tuliita waganga wa hospitali, wakasema mtoto hana ugonjwa. Ndugu wakakaa, wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye dada. Nikasema, tuzike. Tukazika, tukasimika ubao wenye jina lake, wewe ukalia mpaka ukakauka, na jioni ile ulikula. Ulikula ukaomba tena.

Sikuombi msamaha. Nakuambia ulikula.

Pazia. Umeuliza na hukuuliza. Ndiyo, alikuja. Sikumwona kwa macho. Niliamka nikakuta pazia limeshonwa, na limeshonwa kutoka nje. Alisimama nje ya dirisha, mikono imeingia ndani, juu ya kichwa chako, na wewe umelala. Nikaenda kule kaburini. Majani yalikuwa yamelala mahali pamoja, kama mtu amekaa sana. Alikuwa amesoma ubao. Mtu akishalisoma jina lake pale, atabishaje hodi?

Nilisimama njiani nikatazama huku na huku. Umande ulikuwa umekatwa upande mmoja, ungeweza kuufuata. Nikakusikia ndani unacheka na paka. Ulikuwa umeanza kucheka siku zile zile. Nikarudi ndani nikakuambia, nimeshona mimi.

Tangu ulipoondoka mimi ndiye ninayefagia, kila Jumamosi, na sijui namfagilia nani. Wakati mwingine nafika nakuta kama pamefagiwa tayari. Najua ni upepo.

Sasa koti. Umeandika kwamba mshono wako unalala kulia kama wangu. Basi fikiri. Alipoliona lile kwapa, hakukuona wewe. Wewe kwake ni mtoto aliyelala chini ya pazia. Aliniona mimi. Alidhani mimi ndiye niliyesimama nyuma ya dirisha lile, nimempa mgongo. Hakukukimbia wewe. Amenikimbia mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Baba yako hajawahi kupita kitu kilichochanika. Alikuwa anasimamisha watu njiani awashonee kifungo, tulikuwa tunaona aibu kutembea naye. Chukua kitu cha mtoto. Anza kukishona, ufike katikati, uache, na sindano uiache humo humo. Kiweke nje. Atajua mimi sina mtoto wa ukubwa huo.

Usigeuke kumtazama. Huyo Mama Funguo anajua anachosema.

Shangazi yako


Tarehe 14 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa niaba ya Kijino, ambaye sasa anaweza kuitamka ila anaishia katikati. Nimekaa na barua yako muda mrefu kabla ya kujibu. Siku za kwanza nilikukasirikia. Nilikuwa nafua kwa nguvu mpaka Bwana Pasi akaniuliza shuka limenikosea nini. Halafu siku moja Kijino alikataa kula, kwa sababu ya mafua tu, kutwa nzima mdomo umefungwa. Jioni alipokubali kijiko kimoja nilikaa sakafuni nikalia, nikakuelewa. Kukuelewa si kumaliza. Lakini nimekuelewa.

Nilichukua gauni lake la njano, ambalo pindo lilikuwa limefumuka na limeshakuwa fupi. Nikashona nusu ya pindo, nikachomeka sindano na uzi wake. Nikamwendea kwanza Mama Funguo, sikutaka kumzunguka. Nikamweleza yote. Alishika funguo zake zisilie. Akasema, "Hapa hatuulizi jina. Kuanika gauni nje ya dirisha sioni kama ni kuuliza."

Nikalitundika kwenye msumari chini ya kengele. Nikaogopa litaibwa. Bwana Pasi akasema hapana, "Wanaiba viatu, wanaiba hata ndoo. Gauni la mtoto hawaibi. Linawatazama." Na kweli halikuibwa. Lilinyeshewa, nikalifua, nikalirudisha. Likapigwa vumbi, nikalifua. Wapitao walianza kulizoea. Mimi sikulizoea. Kila nilipofungua dirisha na kulikuta linaning'inia pale, mikono wazi, bila mtu ndani, nilihisi kama ni mimi yule, bado niko mlangoni nasema baba kwanza.

Mwezi wa Agosti, alfajiri moja, nilifungua nikakuta msumari mtupu.

Kutwa hiyo sikumbuki nilifua nini. Kesho yake kengele ililia. Tuligeuka, Bwana Pasi na mimi. Nilisikia mfuko ukiwekwa kwenye ubao. Kisha dirisha likabaki wazi, upepo mgongoni kama siku ile. Nikasikia mtu anavuta pumzi kwa meno, kama fundi anapokata uzi mdomoni. Shangazi, mwili wangu wote ulitaka kugeuka. Kijino alikuwa kwenye kapu la nguo chafu, uso wake kule dirishani, kwa sababu yeye hajui sheria. Akauliza, "Nani huyu?"

Nilishika ukuta. Dirisha likafungwa taratibu.

Mfuko ulikuwa na kamba nyeusi. Ndani kulikuwa na gauni na koti.

Pindo limeshonwa. Mpaka katikati mishono yangu inalala kulia, kuanzia katikati inalala kushoto, na imekutana mahali ambapo niliacha sindano. Fundo liko nje. Lakini gauni limekuwa refu, Shangazi. Ameongeza kitambaa chini, laini, cha kijivu, akakunja pindo pana kabisa ndani, akiba ya kukua. Nikashangaa kitambaa kizuri vile amekitoa wapi. Kisha nikaligeuza koti nje ndani. Bitana, kile kitambaa laini cha ndani, imekatwa mgongoni, kipande kizima. Na kwapa nililoshona mimi hajalifumua. Limebaki vile vile.

Kijino amelivaa. Amegusa fundo akauliza swali lake. Nimemwambia, babu.

Sasa nakuambia kilichonifanya nichukue kalamu. Pale bitana ilipokatwa pako wazi. Hajashona. Nilidhani atashona wiki inayofuata, akipata kitambaa. Koti limekuja wiki iliyofuata na iliyofuata, na linakuja bado, na pengo liko vile vile, kingo zimekatwa safi kwa mkasi, zinangoja. Mtu ambaye hajawahi kupita kitu kilichochanika. Nilitia uzi kwenye sindano niweke kiraka. Nikakaa nao mkononi. Halafu nikauchomoa. Langu mimi nilishashona, naye alishanijibu. Hili si langu.

Mvua zinarudi na baridi yake, na mgongo wake uko wazi.

Njoo, Shangazi. Utasimama na mimi chumba cha kufulia, na kengele ikilia utageuka kama sisi. Mama Funguo amekubali. Akitaka siku moja kuingia kwa mlango, mlango upo. Asipotaka, kutakuwa na dirisha.

Kabla ya kupanda gari pita kule, ung'oe ule ubao. Usifagie. Acha majani yaote.

Na lile pazia la buluu, litoe, ulifue, uje nalo. Linatosha mgongo mzima.

Mtoto wenu, Mama Kijino